Umehama Windows, vidole bado viko Excel: uhakiki wa LibreOffice Calc

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba kurudi nyuma haimo kwenye orodha ya zinazokubalika kwa Windows 11, na isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) nayo imeachwa. Kwa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, SACCOS ya mtaani au duka la pembejeo hapa Dodoma, chaguo ni mbili: kununua mashine nyingine, au kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, kwenye hiyo hiyo na kuanza kutumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali, badala ya Excel. Leseni yake ni bure. Fundi akikutoza, amekutoza kazi ya kuweka, basi.

Watu wengi huuliza kama mafaili ya Excel yatafunguka. Yatafunguka. Swali lenye uzito zaidi ni la mikono: mhasibu aliyeishi na Excel hafikirii anapobonyeza, vidole vinakwenda vyenyewe. Mkato (vitufe vinavyobonyezwa badala ya kupitia menyu) usiofanya kitu hauna madhara, maana utagundua papo hapo na kutafuta njia nyingine. Hatari iko kwenye mkato unaofanya kitu kingine kimyakimya, ukaendelea na kazi ukidhani mambo yako sawa. Calc ina kadhaa za namna hiyo, na uhakiki huu umejikita hapo.

Toleo tunalolizungumzia ni 24.2, linalokuja na Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22, aina mbili za Linux. Mengi ya humu yako vilevile kwenye matoleo ya kabla na ya baada yake, na pale ambapo toleo linaleta tofauti tumelitaja.

Ambavyo huna haja ya kujifunza upya

Tupite haraka. F2 inaingia ndani ya seli. Ctrl na mshale inaruka hadi mwisho wa data, ukiongeza Shift inachagua njia nzima. Ctrl+Home na Ctrl+End ni zile zile. Ctrl+PageUp na Ctrl+PageDown zinahamisha karatasi. Ctrl+1 inafungua mpangilio wa seli, Ctrl+D inajaza kwenda chini, Ctrl+Space inachagua safu na Shift+Space inachagua mstari. Ctrl+; inaandika tarehe ya leo. Ctrl+Shift+L inaweka vichujio. Alt+= inajumlisha. Alt+mshale wa chini inakuletea orodha ya yaliyokwisha kuandikwa kwenye safu hiyo, kwa hiyo anayeandika Kongwa, Kondoa, Chemba na Bahi siku nzima hatalazimika kurudia herufi zote.

Kama Ctrl+D inakuletea orodha badala ya kujaza, kuna mtu amewasha vitufe vya OpenOffice ya zamani. Nenda Tools, Options, LibreOffice Calc, Compatibility, kisha kwenye Key bindings rudisha Default.

F4, mbaya kuliko zote

Kwenye Excel, F4 ina kazi mbili. Ukiwa ndani ya fomula inazungusha alama za dola: A1, $A$1, A$1, $A1. Ukiwa nje ya fomula inarudia kitendo cha mwisho, na hapo ndipo wengi wanapoipendea: unapaka seli moja rangi ya njano, unahamia nyingine, F4, unahamia nyingine, F4.

Calc imechukua kazi ya kwanza tu, na inaifanya hata ukiwa nje ya fomula. Chagua seli yenye =B4*C4, bonyeza F4 ukitarajia rangi ya njano, na fomula itageuka kuwa =$B$4*$C$4. Rangi haiji. Jibu kwenye seli halibadiliki, kwa sababu B4 na $B$4 ni seli ile ile, kwa hiyo macho hayaoni kosa lolote. Madhara yatajitokeza baadaye utakapoinakili fomula hiyo kwenda chini: mistari yote itazidisha B4 na C4 peke yake. Kwenye daftari la mahindi ya Kibaigwa, ambako safu moja ni idadi ya magunia na nyingine ni bei, kila muuzaji atalipwa sawa na wa kwanza.

Kurudia kitendo kwenye Calc ni Ctrl+Shift+Y. Umeshabonyeza F4 kwa bahati mbaya? Ctrl+Z hapo hapo. Kama hukumbuki ni seli zipi, bonyeza Ctrl+` (kitufe kilicho juu ya Tab) uone fomula zote badala ya majibu, halafu tafuta alama za dola mahali zisipostahili kuwa. Mkato huo uko Excel pia, hivyo mkaguzi wa hesabu anaweza kuutumia popote.

Usihamishe F4 kwenda kitufe kingine ili kukwepa tatizo hili. Utaihitaji ndani ya fomula mara nyingi kuliko unavyoihitaji nje yake. Afadhali vidole vijifunze Ctrl+Shift+Y.

Enter mbili zilizobadilishana viti

Excel: Alt+Enter inashusha mstari ndani ya seli, Ctrl+Enter inajaza seli zote ulizochagua kwa maneno uliyoandika. Calc: kinyume chake kabisa. Ctrl+Enter inashusha mstari, Alt+Enter inajaza.

Kukosea upande mmoja kunaonekana. Umeandika anwani, unataka S.L.P. ishuke chini, unabonyeza Alt+Enter na haishuki. Sawa, unarekebisha. Kukosea upande wa pili ndiko kunakouma. Umechagua seli arobaini, umeandika Kibaigwa, umebonyeza Ctrl+Enter. Seli hazijajaa, kwa hiyo unabonyeza Enter ya kawaida na kuendelea kwa njia nyingine. Ila seli ya kwanza sasa ina neno Kibaigwa pamoja na mstari mtupu chini yake usiouona. SUMIF (fomula ya kujumlisha kwa sharti) inayotafuta Kibaigwa itairuka seli hiyo, na VLOOKUP (fomula ya kutafuta kwenye jedwali) haitaifananisha na Kibaigwa ya karatasi nyingine. Jumla inapungua, na kila neno ukilisoma kwa macho liko sahihi.

Dawa ni CLEAN, fomula inayoondoa alama zisizoonekana. Kwenye safu ya pembeni andika =CLEAN(A2), nakili hadi chini, kisha bandika thamani, yaani majibu bila fomula, juu ya safu ya awali (njia iko chini). Kujua kama ugonjwa upo, andika =LEN(A2): Kibaigwa ina herufi nane, ukiona tisa kuna kitu kimejificha.

Backspace, ambayo tumeishia kuipenda

Delete inafuta yaliyomo papo hapo, kama kawaida. Backspace, badala ya kufuta na kukuingiza kwenye seli, inafungua dirisha linalouliza ufute nini: maandishi, namba, tarehe, fomula, maoni, mpangilio. Siku za mwanzo dirisha hilo ni kero tupu.

Subiri hadi Julai. Mwaka wa fedha unaanza, una jedwali la bajeti la mwaka jana lenye vichwa, namba na fomula, na unataka namba ziondoke, vichwa na fomula vibaki. Chagua jedwali lote, bonyeza Backspace, acha tiki kwenye namba pekee, OK. Jedwali limebaki gamba, tayari kujazwa. Excel nayo inaweza, kupitia Go To Special, ila hatua ni nyingi zaidi. Angalizo moja: kichwa kilichoandikwa 2025 ni namba, nacho kitafutika. Chagua kuanzia mstari ulio chini ya vichwa.

Vinavyogeuka bila hodi

Ctrl+E, ambayo Excel inajaza kwa kubahatisha mtindo wako, hapa inasogeza maandishi katikati ya seli. Calc haina ujazaji huo wa kubahatisha. Kazi ya kutenganisha majina fanya kwa Data, Text to Columns, au kwa fomula: =REGEX(A2,"[^ ]+$") inatoa neno la mwisho, yaani jina la ukoo.

F12 haihifadhi faili kwa jina jipya, inaweka mistari uliyochagua kwenye kundi na kuchora kimabano pembeni. Kuhifadhi kwa jina jipya ni Ctrl+Shift+S. F11 haichori chati, inafungua paneli ya mitindo. Shift+F11, ambayo Excel inaongeza karatasi, hapa inataka kuhifadhi faili lako kama kiolezo, bonyeza Cancel. Shift+F9, ambayo Excel inakokotoa karatasi uliyopo, hapa inachora mishale ya bluu kuonyesha seli zinazolisha fomula. Mishale hiyo inasaidia sana kuwinda kosa, na inaondoka kwa Tools, Detective, Remove All Traces. Kukokotoa upya kila kitu kwa lazima ni Ctrl+Shift+F9.

Mikato ya mpangilio wa namba inafanana nusu, na nusu ya pili ndiyo inayochanganya. Ctrl+Shift+1 ni namba yenye desimali mbili, 3 ni tarehe, 4 ni fedha, 5 ni asilimia. Hizo ziko sawa na Excel. Lakini Ctrl+Shift+2 ni saa kwa Excel na namba za kisayansi kwa Calc, hivyo 1,250,000 itasomeka 1.25E+06. Ctrl+Shift+6 kwa Excel ndiyo ya kisayansi, kwa Calc inarudisha mpangilio wa kawaida. Hapa thamani haiguswi, sura tu ndiyo inayobadilika.

Ctrl+A nayo: Excel inaanza na eneo la data ulilosimama, Calc inachukua karatasi nzima yenye mistari 1,048,576. Ukipaka mipaka ya seli baada ya hapo, umepaka kote. Eneo la data kwa Calc ni Ctrl na nyota ya upande wa namba, jambo lisilowezekana kwa laptopu ndogo isiyo na upande huo. Tutarudi kwake chini.

Na kuna moja isiyo ya Calc ila ya mfumo wenyewe. Waliozoea Ctrl+Alt+L kuchuja upya data watashangaa Linux Mint ikiwafungia skrini. Hakuna kilichoharibika. Andika nywila, rudi kazini.

Kubandika thamani

Excel mpya ina Ctrl+Shift+V inayobandika thamani moja kwa moja. Calc kwa vitufe hivyo hivyo inafungua dirisha la Paste Special. Ondoa tiki kwenye Formulas na Formats, acha Text, Numbers na Date & Time. Hiyo ya tarehe ina kisanduku chake peke yake. Ukiisahau, safu ya tarehe itabaki tupu huku safu nyingine zote zimejaa, na utaanza kulilaumu faili. Ctrl+Alt+Shift+V inabandika maandishi matupu bila mpangilio, nzuri kwa yaliyonakiliwa kutoka kwenye kivinjari.

Anayeishi kwa Alt

Hapa hatuna habari njema. Mlolongo wa Alt, H, V, V (kubandika thamani) au Alt, H, O, I (upana wa safu) unategemea utepe wa Excel, yaani safu ya vitufe iliyo juu, na Calc kwa sura yake ya kawaida ina menyu. Alt+H itakufungulia Help. Unaweza kubadili sura kupitia View, User Interface, Tabbed, ukapata kitu kinachofanana na utepe, lakini herufi zake si zile. Usipoteze muda kutafuta ulinganifu. Kwa upana wa safu, Alt+Shift na mshale wa kulia au kushoto unaufanya ulingane na yaliyomo kwenye seli uliyosimama, na kwa kweli ni haraka kuliko Alt, H, O, I.

Mtu anayelipwa kwa kasi ya Alt, anayejenga modeli kubwa za fedha kutwa nzima, asihamie Calc kwa sababu ya kuokoa leseni. Muda atakaoupoteza una bei pia.

Saa moja ya kupanga kabla ya kazi

Calc inaruhusu karibu kila mkato ubadilishwe. Ingia Tools, Customize, kichupo cha Keyboard. Juu kulia kuna chaguo mbili, LibreOffice na Calc: chagua Calc, la sivyo utabadilisha na vitufe vya kuandikia barua. Tafuta kitufe kwenye orodha ya juu, tafuta kazi kwenye orodha ya chini kwa kuandika sehemu ya jina lake, kisha kabidhi na OK. Vitufe vilivyofifia vimeshikwa na mfumo na havibadiliki.

Tungebadilisha viwili tu mwanzoni: F12 iwe Save As, kwa sababu kundi la mistari linalotokea bila kukusudia linasumbua wanaolipokea faili, na kuchagua eneo la data ipewe kitufe kinachofikika kwenye laptopu yako. Ukibadilisha ishirini kwa siku moja hutakumbuka hata kimoja, na mwenzako akikaa kwenye kiti chako atapotea.

Kabla ya kulaumu F2 au F4 kwamba hazifanyi kitu, angalia kibodi yenyewe. Laptopu nyingi za HP na Lenovo zinakuja na safu ya juu ikiwa ya sauti na mwanga, hivyo F4 inahitaji Fn. Hilo linabadilishwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla haijawaka), nje ya Linux, mara nyingi chini ya jina la Action Keys au Hotkey Mode. Kama bado, huenda ni vumbi la Dodoma chini ya kitufe. Jaribu kitufe hicho hicho kwenye programu nyingine kwanza.

Tarehe na shilingi

Aliyeweka Linux kwa kubonyeza Next, Next, mara nyingi ameacha Kiingereza cha Marekani. Ukiandika 5/7/2025 ukimaanisha tano Julai, Calc itahifadhi tarehe saba Mei, na mpangilio wa mwezi wa manunuzi utavurugika. Ukiandika 25/7/2025 haitaikubali kama tarehe na itaisogeza kushoto kama maandishi. Hiyo ndiyo dalili. Ingia Tools, Options, Languages and Locales, General, na kwenye Locale weka English (UK). Hapo hapo badilisha Default currency kuwa shilingi ya Tanzania, vinginevyo Ctrl+Shift+4 itamwekea mkulima wa Mpunguzi pauni za Uingereza.

Marejeo ya karatasi nyingine nayo yana tofauti. Excel huandika =Julai!B4, Calc huandika =$Julai.B4. Kama mshangao unakushinda, Options, LibreOffice Calc, Formula, na kwenye Formula syntax chagua Excel A1. Na kama wote unaopeana nao mafaili wako Excel, weka Load/Save, General, Always save as iwe Excel 2007-365, usije ukamtumia mtu faili la ODS, aina ya Calc yenyewe, akakurudishia simu.

Pale toleo linapoleta tofauti

Fomula za XLOOKUP, FILTER, UNIQUE na SORT ziliingia Calc kwenye toleo 24.8. Toleo 24.2 haizijui. Faili la Excel lenye XLOOKUP likifunguliwa humo linaweza kuonyesha jibu la zamani lililohifadhiwa, hadi utakapolikokotoa upya. Hapo ndipo #NAME? inapojitokeza. Kwa hiyo ukipokea faili la mtu, bonyeza Ctrl+Shift+F9 kabla ya kuamini namba yoyote. Kupata toleo jipya kwenye Ubuntu au Mint, fungua terminali na uandike amri tatu, moja moja: sudo add-apt-repository ppa:libreoffice/ppa, kisha sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Fanya hivyo ukiwa na bando la kutosha, maana apt upgrade itasasisha na programu nyingine zote.

Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data, haipo. Makro za VBA (programu fupi zilizo ndani ya faili la Excel) nyingine zinakwenda, nyingine zinakwama katikati. Mwenye faili la mishahara lililojaa makro ajaribu kwanza kwenye nakala, au abakize mashine moja ya Windows 11 ofisini kwa kazi hiyo.

Kwa daftari la mauzo, vitabu vya SACCOS, orodha za shule, stoo na bajeti ya ofisi ya kawaida, Calc inatosha, tena inatosha vizuri. Ofisi yenye mashine zaidi ya moja ipange vitufe kwenye mashine moja, halafu kwenye kichupo kile kile cha Keyboard ibonyeze Save. Litatoka faili dogo la .cfg. Libebe kwenye flashi, na kwenye kila mashine nyingine bonyeza Load. Weka nakala yake pamoja na chelezo za hesabu, kwa sababu siku wasifu wa LibreOffice (folda ya mipangilio yako) utakapoharibika na fundi kuufuta, mikato uliyoipanga itaondoka nao.